Milioni 2.1 kwa Ukurasa wa Kikundi

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 ziliandikwa vibaya. Wasomaji wa safu hii wamenisikia nikilisema hilo mara nyingi, na kila nikikutana na kikundi cha Ruangwa au Nachingwea chenye kazi nzuri isiyoonekana popote mtandaoni, nalisema tena.

Tuanze na ada. Tangazo la Serikali Na. 133 lilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za mwaka. Milioni 2.1, hata neno moja hajaandika. Novemba mwaka huohuo Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Pigeni hesabu: ni kilo 636, karibu magunia 8 ya kilo 80. Akina mama wanaobangua korosho watoe magunia manane ndipo waruhusiwe kuutangazia ulimwengu kwamba wanabangua korosho.

Lakini ada ingeweza kupunguzwa kwa kalamu, na kweli marekebisho ya 2022 yaliishusha. Kosa kubwa lilikuwa kwenye fomu. Mwombaji alitakiwa kueleza wanahisa wake, mtaji, gharama za uwekezaji na sifa za wafanyakazi, tena aambatishe hati ya kodi. Kikundi cha kijamii hakina mwanahisa. Kina katiba, mwenyekiti, katibu, mhazini na daftari la michango. Aliyeitunga fomu ile alikuwa na kituo cha televisheni kichwani, akaipeleka hivyohivyo kwa wafuga nyuki.

Na fasili ya blogu ilikuwa pana mno: uzoefu wa mwandishi, maoni, habari, matangazo, picha, video, hata viungo vya kurasa nyingine. Chombo cha habari cha Dar es Salaam na katibu wa kikundi anayebandika picha ya mizinga walitiwa kapu moja. Asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Vibanda vya intaneti navyo vikaamriwa kufunga kamera za ulinzi. Na yote haya yaliandikwa kwa Kiingereza, ugonjwa wa sheria zetu ambao nimeulalamikia miaka nenda rudi.

Mtakumbuka kwamba pingamizi lilisikika huku kwetu kusini. Asasi sita zilikwenda Mahakama Kuu Mtwara, na mapema Mei utekelezaji ukasimamishwa kwa muda. Mwisho wa mwezi zuio likaondoka. Juni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikawataka wasio na leseni wasimamishe kazi, mtandao wa JamiiForums ukazimika, na tarehe 15 ikawa ukomo.

Sasa linganisheni kanuni hizo na Envaya, jukwaa la tovuti za asasi. Ilianza 2010, na mpaka leo sijaona kazi ya mtandaoni iliyomfahamu mtumiaji wa Tanzania vizuri kuliko ile. Asasi ilijitengenezea tovuti bure, kwa Kiswahili, kwenye kurasa nyepesi zilizofunguka hata pale mtandao ulipokuwa unasuasua. Foundation for Civil Society ikaweka humo fomu zake za ripoti, kwa hiyo asasi iliyopata ruzuku ilijaza shughuli zake, changamoto na mambo iliyojifunza, na ripoti ikasomwa na yeyote. Hapo ndipo palipokuwa na darasa. Kikundi cha Nachingwea kiliweza kusoma wenzao wa mkoa mwingine walikwama wapi, bila nauli, bila semina, bila posho.

Akili hiyo tulikuwa nayo tangu zamani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, kijitabu na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake. Waliopanga kampeni ile walianza na msikilizaji aliyekaa chini ya mwembe, ndipo wakachagua chombo. Mwaka 2018 tulianza na leseni.

Waliozuiwa na ada walibaki na WhatsApp. Inafaa kuitana mkutanoni na kutumiana bei ya ufuta. Haifai kuhifadhi maarifa. Simu ya katibu ikiibwa, mara nyingi ripoti za miaka mitatu zimekwenda nayo, na mtu wa Liwale anayetafuta namna ya kuanzisha mradi kama huo hawezi kuzipata hata akitafuta usiku kucha.

Wana Nachingwea wana sababu ya kuwa na kinyongo. Reli ya Mtwara ililetwa kwa mpango wa karanga wa Waingereza, karanga zikashindwa, reli ikafungwa 1962, kisha ikang'olewa. Wenye mazao waliobaki huku hawakuwemo kwenye mahesabu. Kanuni za 2018 nazo ziliwasahau watu haohao.

Na dawa haikuwa ngumu. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri tayari kinajulikana kwa afisa maendeleo ya jamii: katiba yake iko kwenye jalada, majina ya viongozi yapo, kijiji kipo. Kifungu kimoja kingetosha: kikundi chenye cheti cha usajili hakihitaji leseni wala ada kueleza kazi zake mtandaoni, na malalamiko dhidi yake yaanzie kwa afisa huyo.