Nukta Chini ya Tano

Jirani yangu hapa Mwananyamala anafundisha darasa la tatu. Jioni hutandika mkeka barazani, akaweka madaftari upande wa kushoto, yote yamefunguliwa kwenye zoezi la siku. Kiranja ndiye aliyeyapachika hivyo, moja ndani ya jingine, mwalimu asihangaike kutafuta ukurasa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalifurika, na rundo la barazani nalo likanenepa.

Mimi huja kuamkia tu, lakini huishia kukaa nikiutazama mkono wake. Vema yake ni ndefu: mkwaruzo mfupi kwenda chini, kisha inapaa mpaka inakaribia kugusa swali la juu. Kosa lake hulioni mpaka uliinamie. Juzi mtoto alitoa 317 kwenye 652, akapata 345. Mwalimu mwingine angeburuta X juu ya swali zima (mimi nilizila nyingi, nyingine zilitoboa karatasi). Yeye alitia nukta moja nyekundu chini ya ile 5 ya 652, pembeni akaandika kwa herufi za kitoto: “Imekopesha moja. Imebaki na ngapi?” Akavuta daftari jingine.

Nikamweleza kwamba mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Rutchick, Slepian na Ferris, walionyesha kuwa anayesahihisha kwa peni nyekundu huona makosa mengi zaidi, na hutoa alama za chini, kuliko mwenye peni ya bluu. Alicheka bila kuinua uso.

“Ndiyo maana naanza na vema, mwanangu. Nikianza na makosa, mkono unanoga.”

Kweli, nikaanza kuona: hupitia ukurasa mzima akigawa vema kwanza, ndipo hurudi juu, polepole, kuzitia nukta. Mara mbili kwa kila daftari! Na kuna ugali wa kusonga bado.

Jioni hiyohiyo peni ikakauka, yakiwa yamebaki madaftari kumi na mawili. Akamtuma mjukuu dukani. Mtoto akarudi na ya bluu, nyekundu zimeisha. Mwalimu akaijaribu kiganjani, akaifunika.

“Wao bluu, mimi bluu. Hiyo nukta ataiona nani?”

Akakunja pembe ya kila ukurasa, akayafunga madaftari yote kumi na mawili, akaenda kubandika sufuria.