Turubai la mama mdogo na ile asilimia 77

Mama mdogo wangu anauza chakula kwenye kirikuu. Kama unaishi Dar picha hiyo unaijua: gari dogo limeegeshwa kando ya barabara, ubavu umefunguliwa, masufuria yamepangwa, wateja wamekaa kwenye viti vya plastiki na sahani mapajani. Supu na chapati asubuhi, wali maharage mchana, na ikifika saa kumi jioni anaosha vyombo. Shida yake kubwa ni jua. Mwezi uliopita alinitumia tangazo la turubai la kukunjua, lile linalofungwa juu ubavuni mwa gari. Unalivuta nje kama droo, unashusha miguu miwili mbele, kazi imekwisha. Ukitaka, linasema tangazo, unalihamishia ukutani mwa duka. Chini yake akaandika: "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma fizikia? Niambie, nitoe hela ya kikoba au nisitoe?"

Basi nimelisoma tangazo lile kama ninavyosoma makala ya kisayansi niliyopewa kuikosoa, na nakualika tulisome pamoja. Muuzaji simtaji, maana wanaoandika hivi ni wengi na ukitafuta leo utakuta maneno yaleyale kwa watu watano tofauti. Niseme mapema pia kwamba kifaa chenyewe mimi nimekipenda. Ninachogombana nacho ni maelezo yake.

Sentensi ya kwanza, kwa herufi kubwa: "Hupunguza joto kwa 77%." Hebu tuichukue kama ilivyo. Simu yako inasema leo ni nyuzi 33. Ukiondoa asilimia 77 unabaki na nyuzi saba na nusu. Hilo si turubai tena, ni friji. Halafu asilimia za nyuzi za Selsiasi hazina maana yoyote, kwa sababu sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, siyo pale joto linapoishia.

Ila namba 77 haikuokotwa hewani. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba turubai la nje ya dirisha laweza kupunguza joto la jua linaloingia ndani wakati wa kiangazi kwa hadi asilimia 65 kwa dirisha linalotazama kusini, na hadi asilimia 77 kwa linalotazama magharibi. Ona maneno yaliyopotea njiani: "hadi", "dirisha", "magharibi", "linaloingia ndani". Mtu alikata namba akaacha sentensi. Mama mdogo hana dirisha. Yeye amesimama nje, na sufuria lake liko nje.

Na hata kwa wenye nyumba, ile asilimia 65 ya kusini ni ya Marekani. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba jua letu la mchana liko upande wa kaskazini. Likihamia kusini nalo linakuwa karibu utosini: hata Desemba linainama nyuzi 17 tu hivi kutoka juu kabisa. Sasa wewe nunua turubai la dirisha la kusini kwa kufuata ushauri wa kule, uone kama litakufaa. Kuta zinazotutesa sisi ni za mashariki na magharibi, na hilo halitajwi popote kwenye tangazo.

Kivuli kinafanya nini hasa, basi? Hapa naomba usinikimbie, maana ndipo penye kazi. Jua la mchana kweupe linatupa karibu wati 1000 kwenye kila mita ya mraba iliyolielekea. Hewa ni habari nyingine. Ile nyuzi 33 ya kwenye simu ni joto la hewa, na vituo vya hali ya hewa hukipima kipimajoto kikiwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, yaani kivulini. Ukisimama juani unabeba ile 33 pamoja na mionzi yote juu yake. Ukiingia chini ya turubai hewa inabaki karibu ileile, upepo wa barabarani unaichanganya tu. Unachoepuka ni mionzi. Ndiyo maana mtu anasema "aah, afadhali" papo hapo, wakati kipimajoto cha hewa hakijasogea.

Hapo tangazo lingeweza kusema kweli na bado likauza. Kuna jambo moja lingelazimika kukiri, nalo ni kwamba turubai lenyewe linapata moto. Kitambaa cha rangi ya mkaa, kama kile cha kwenye picha, kinameza mionzi na kuanza kutoa joto lake chenyewe, juu na chini. Tuseme kimefika nyuzi 60. Kila mita ya mraba inatoa karibu wati 700 za mionzi ya joto, wakati ngozi yako yenye nyuzi 35 inatoa karibu 510. Tofauti inakuja kwako: kama wati 190 kwa mita ya mraba, kitambaa kikiwa kimekufunika kabisa. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na 1000 za jua, lakini ndiyo ile hali ya kuhisi kichwa kinachemka ingawa uko kivulini. Chini ya mwembe huihisi, kwa sababu jani linatoa maji siku nzima, maji yanachukua joto yakigeuka mvuke, na jani linabaki karibu na joto la hewa. Turubai haliwezi kutoa jasho. Linachoweza ni kuwa la rangi nyepesi juu, zito kiasi cha kutopitisha mwanga, na kuwekwa juu kidogo ili upepo upite. Tangazo linatoa rangi tatu na zote ni za giza.

Kuna alama nyingine pale: UPF 50+, na pembeni yake picha ya barafu. Hii iliniudhi kuliko zote. UPF 50 inamaanisha kitambaa kinapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi. Ni sifa nzuri sana. Lakini mionzi hiyo ni kama asilimia tano tu ya nishati yote ya jua inayotufikia chini. Nyingine ni mwanga tunaouona na infraredi, na UPF haisemi lolote kuhusu hizo. Kuibandika karibu na barafu ni kumwambia mtu kitu ambacho kipimo hakijapima. Na kuna upande wa pili ulio mzito zaidi. Sehemu kubwa ya urujuanimno haiji moja kwa moja kutoka kwenye jua, inatawanywa na anga zima na kuingia kwa pembeni. Chini ya turubai dogo lililo wazi pande tatu bado inakupata. Msaidizi wa mama mdogo, binti anayekaanga chapati, ana ualbino. Kwake yeye hiyo "50+" ikieleweka vibaya, akavua kofia na kukunja mikono ya shati kwa kuwa "tuko kivulini", ngozi yake ndiyo itakayolipa.

Sasa neno "adjustable" limetafsiriwa pale "linarekebishika", na mtu angedhani ni pambo tu. Kwangu mimi ndiyo sifa kuu ya kifaa, na tangazo limeipa maneno mawili. Fikiria turubai liko mita 2.1 kutoka chini na limetoka nje mita 2. Mwezi Machi au Septemba, kwenye saa tisa na dakika ishirini hivi alasiri, jua la Dar liko nyuzi 45 upande wa magharibi. Kama ubavu wa gari umeelekea magharibi, kivuli cha ukingo wa mbele kinaangukia nyuma kwa mita 2.1. Yaani kivuli chote kimeingia uvunguni mwa gari! Juu ya meza yenye urefu wa mita moja unabaki na kama sentimita 90 za kivuli, na wateja waliokaa mbele hawana kitu. Saa moja baadaye jua limeshuka nyuzi 15 nyingine na hata meza imekwisha. Turubai kubwa zaidi halikusaidii sana. Kinachosaidia ni kushusha ukingo wa mbele, au kuning'iniza kipande cha kitambaa hapo mbele kama pazia, au jambo la bure kabisa: kuegesha gari ubavu ukitazama kusini. Hapo hata Desemba mchana kivuli kinasogea sentimita 60 tu, na Juni gari lenyewe linakinga.

Nimeacha upepo mwisho, na huu ndio ulionifanya nisimjibu mama mdogo siku ileile. "Linastahimili upepo mkali," wanasema. Upi? Ulaya kuna kiwango kiitwacho EN 13561 kinachoyapanga maturubai ya majengo kwa madaraja ya upepo, na daraja la 3 linaishia kwenye nguvu ya 6 ya kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 49 kwa saa. Zaidi ya hapo, kunja. Tangazo letu halina daraja, halina namba.

Tufanye hesabu wenyewe. Msukumo wa upepo ni nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, mara mwendo, mara mwendo tena. Ule mwendo kuzidishwa mara mbili ndio unaoua watu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao kusi ikichangamka si ajabu, unaleta karibu niutoni 60 kwa kila mita ya mraba. Turubai la mita 2.5 kwa 2 lina mita za mraba 5, kwa hiyo niutoni 300, sawa na kilo 30 zinazolivuta juu. Likija lile dhoruba fupi kabla ya mvua, mita 20 kwa sekunde, mwendo umekuwa maradufu lakini nguvu imekuwa mara nne: kilo 120. Na kama miguu haijafungwa chini, nguvu yote hiyo inafanya kazi kama mtaimbo. Inavuta mita moja kutoka kwenye gari, wakati bolti za kushikia zimepishana labda sentimita 10. Gawanya: bolti zinavutwa kwa nguvu inayokaribia tani moja na robo. Bati la kirikuu haliwezi. Nimeipa hesabu hii makadirio ya juu kwa makusudi, maana chini ya turubai kuna sufuria la mafuta ya moto na watu wamekaa.

Miguu ikifungwa chini vizuri, gari linabeba nusu na miguu inabeba nusu, na ule mtaimbo unakufa. Kwa dhoruba ileile unahitaji kilo 60 mbele. Ndoo mbili za lita 20 zilizojazwa zege zina kilo zaidi ya 90. Madumu mawili ya maji ni kilo 40, yanatosha siku ya kawaida tu. Kwenye picha ya tangazo miguu imesimama juu ya mchanga wa ufukweni, haijafungwa kwa chochote, na familia inacheka.

Nilimpigia mama mdogo nikamwambia anunue, kwa masharti: amwombe muuzaji rangi nyepesi, amuulize daraja la upepo, na fundi wa kuchomelea aweke fremu ya chuma inayoshika kwenye chasisi, siyo kwenye bati. Akampigia muuzaji palepale. Kuhusu upepo alijibiwa, "Mama, hii ni orijino." Rangi ya maziwa ilikuwapo stoo, ila haikuwekwa kwenye tangazo kwa sababu "inachafuka".

Kachukua ya maziwa. Binti wa chapati kaambiwa kofia haivuliwi, na kipande cha pazia la mbele kinashonwa kwa khanga nzito mbili zilizokunjwa. Ndoo za zege tulimimina Jumamosi. Zinalala kwa mlinzi wa duka la jirani, na kwa kuwa hesabu ya kilo ilikuwa yangu, imeamuliwa kwamba nikiwa likizo mimi ndiye nitakayezibeba.