Nani Anamwita Rosa Mpotovu? Mtazamo wa Wahusika na Taasubi katika Rosa Mistika

Chukua majibu ya darasa zima kuhusu sifa za Rosa katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Mengi yataanza hivi: Rosa ni mwasherati, Rosa ni mpotovu, Rosa ni mwepesi wa kudanganyika. Kila sifa itafuatwa na tukio la kuithibitisha, na msahihishaji atatia alama ya vyema. Jambo lisiloulizwa ni moja: maneno hayo ni ya nani?

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, kisha ikaja kukubalika. Si kitabu teule cha KCSE, lakini kwa mwalimu anayetaka kufunza suala la mtazamo sijui riwaya inayoufaa mjadala huu kuliko hii. Tena mandhari yake hayako mbali nasi. Namagondo iko Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile linalozigusa Migori na Homa Bay.

Tuanze na Zakaria. Baba huyu anamkuta bintiye na barua ya mvulana, Charles, naye anampiga kikatili. Kwa macho yake, barua ni ushahidi tosha kwamba msichana ameharibika. Rosa hajafanya lolote bado, amekwisha kuhukumiwa. Hiyo ndiyo taasubi: hukumu inatangulia, kosa linatafutwa baadaye. Na hakimu mwenyewe ni nani? Ni mlevi ambaye karo ya binti huyo inaishia katika pombe yake. Mtahiniwa hodari hataishia kuandika kwamba Zakaria ni mkali. Ataonyesha kuwa ukali wake una upande: unamwangukia binti, haumgusi yeye mwenyewe.

Regina anayaona yote haya. Ni mvumilivu, ndiyo, na wahakiki wengi wamemsifu kwa hilo. Mimi nina shaka na sifa hiyo. Katika nyumba ambamo mke naye anapigwa, kimya huenda ni njia ya kuokoka tu, na kukiita uvumilivu ni kukipamba.

Rosa anapofika shule ya Rosary, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, ile hofu ya fimbo aliyoizoea nyumbani haipo tena, wala hakuna aliyempa kitu kingine cha kumwongoza mahali pake. Hapo ndipo mwanafunzi hukimbilia neno "mpotovu". Mwambie asome tena, safari hii akiwahesabu wanaume. Wamo wenye kazi, wenye fedha, wenye madaraka. Wanapita katika maisha ya Rosa na kuondoka bila kubandikwa jina. Hapa nadhani msimulizi mwenyewe hana mikono safi kabisa. Ni msimulizi maizi, anajua yaliyo mioyoni mwa watu, lakini kasi yake anapolisimulia anguko la Rosa inamfanya msomaji ahesabu dhambi za msichana na kuwasahau washirika wake. Usimulizi katika nafsi ya tatu hauondoi upendeleo. Huuficha vizuri zaidi.

Kisha Charles anarudi. Yeye anataka bikira, basi. Elimu ya Rosa, kazi yake ya ualimu, mapenzi yao ya tangu ujanani, vyote vinapimwa kwa mizani hiyo moja, na vinaonekana vyepesi. Kumbuka pia kwamba jina la riwaya ni jina la heshima ambalo Wakatoliki humwita Bikira Maria katika litania. Kinaya hicho hakikuwekwa kwa bahati. Rosa anapojiua, ni kwa sababu amekwisha kujitazama kwa macho ya Zakaria na ya Charles, na hana macho mengine ya kujitazamia.

Linganisha na Maimuna katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Naye alifungiwa ndani na baba mkali, Maksuudi. Naye alipotoka akaishia kwenye danguro la Bi Kirembwe. Lakini yupo Kabi, anayemjua alikotoka na bado anamtaka awe mkewe. Tofauti ya miisho ya wasichana hawa wawili haimo katika tabia zao. Imo katika jicho la mwanamume aliyesimama mwishoni mwa njia.

Kwetu Kegonga somo hili si la karatasini tu. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa omosagane, na neno hilo humfuata kisimani, sokoni hata darasani. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji nchini Kenya. Neno lenyewe bado haijaweza kulikomesha. Ukilifundisha darasa kuuliza "nani anasema, naye anapata faida gani kwa kusema hivyo?" kuhusu Rosa, wasichana waliokaa mbele yako wanasikia zaidi ya mtihani. Nao wavulana pia, ingawa hao huinamisha vichwa.

Turudi kwenye mtihani. Unapoandika sifa, tenga mambo matatu: anachotenda mhusika, anachosemwa na wenzake, na anavyochorwa na msimulizi. Yakipatana, sifa inasimama. Yakigongana, mgongano huo ndio hoja yako, na ndipo penye alama. Mwisho wa riwaya unakuruhusu kufanya hivyo, maana Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, na sasa binti aliyezoea kusemewa anazungumza mbele ya mshtaki wake wa kwanza.

Swali la mazoezi: "Zakaria na Charles ni mtu mmoja katika miili miwili." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya ya Rosa Mistika. (alama 20)