Wanyama wa Herufi juu ya Paketi za Vyakula vya Watoto

Uhakiki wetu umezoea kushughulika na diwani, riwaya na tamthilia, na maandishi yaliyopigwa chapa juu ya vitu vya dukani huachwa yapite bila ya kuulizwa swali. Walakini watoto wengi huiona chapa ya paketi ya biskuti kabla ya kukiona kitabu. Paketi hukaa mezani, hugeuzwageuzwa mikononi, na hutazamwa kwa utulivu ambao mtungaji yeyote wa vitabu angeutamani. Kwa hiyo mtu achoraye mnyama juu ya paketi, akampa jina na herufi, kisha akaongeza mchezo ubavuni, ameshika kazi ya mwalimu wa kwanza, apende asipende. Makala haya yataka kuipima kazi hiyo kwa kipimo cha lugha, na kuuliza ni masharti gani yapaswayo kutimizwa ili ifanywe vema kwa Kiswahili.

Fikra ya kuunganisha kula na kusoma si ngeni. Katika Uingereza ya zamani palikuwa na mikate ya tangawizi iliyofanywa kwa umbo la kibao cha alfabeti, na Matthew Prior, katika utenzi wake Alma uliotoka mwaka 1718, amtaja mtoto apewaye mkate wa namna hiyo ili kila herufi aijuayo iwe halali yake kuila. Hapo pana kanuni nzima ya sanaa hii: ujuzi watangulia, utamu wafuata. Baadaye viwanda viliirithi fikra hiyo vikaipanua. Mwaka 1909 kampuni ya Kellogg ya Battle Creek, Marekani, ilianza kumpa mnunuzi wa paketi mbili za Corn Flakes kijitabu cha wanyama ambacho kurasa zake zilikatwa vipande vya kugeuzika, hata mtoto akaweza kutia kichwa cha mnyama mmoja juu ya kiwiliwili cha wa pili na miguu ya wa tatu. Kijitabu kile hakikudai kufundisha kusoma, lakini kilikuwa na sifa kubwa: kilimwachia mtoto kazi ya kutenda. Tutakirejea mbele, maana ndani yake mna jambo lifaalo Kiswahili kuliko lilivyofaa Kiingereza.

Mwaka 1952 kampuni hiyohiyo ilitoa chakula kipya cha mahindi kilichopakwa sukari, na kwa ajili yake wakabuniwa wanyama wanne: Tony, Katy, Elmo na Newt. Tony alikuwa chui milia, Katy kangaruu, Elmo tembo, na Newt nyumbu. Msomaji ajuaye Kiingereza ataona mara moja jinsi majina yalivyotungwa. Tony na neno la Kiingereza la chui milia huanza kwa t. Katy na kangaruu huanza kwa k. Elmo na tembo, kwa lugha hiyo, huanza kwa e. Aliye hodari kuliko wote ni Newt. Jina la nyumbu kwa Kiingereza huandikwa kwa g isiyotamkwa, ikifuatwa na n. Basi mtungaji hakufuata jicho, alifuata sikio, akampa mnyama wake jina lianzalo kwa sauti ya n. Huo ndio ustadi. Kwa bahati mbaya Elmo na Newt waliondolewa mapema, Katy akawafuata, na Tony akabaki peke yake, akidumu kwa nguvu ya biashara zaidi ya nguvu ya herufi.

Sasa na tuwatie wanne hao katika Kiswahili kwa njia iliyozoeleka, yaani kuibakiza picha na kuyafasiri maneno. Tony wa chui milia amepoteza t yake, kwani mnyama wake sasa aanzia ch. Elmo amepoteza e yake akakutana na t ya tembo, ama nd ya ndovu. Katy ameponea chupuchupu, kwa kuwa kangaruu ni neno la mkopo. Newt peke yake ameonekana kufika nyumbani, maana nyumbu aanza kwa herufi n. Lakini sikio lakataa, kwa sababu ny ya nyumbu ni sauti moja iliyo mbali na n. Katika wanne, basi, mmoja tu amesalimika, naye kwa sababu hakuwa wetu. Hasara hii haitokani na uvivu wa mfasiri. Chanzo chake ni kudhani kwamba mnyama wa herufi ni picha yenye maneno pembeni, hali yeye ni neno lililovishwa picha. Picha husafiri, neno lina kwao.

Anayetaka kuanza upya kwa Kiswahili hana budi kuhesabu kwanza mali aliyo nayo, na hesabu hiyo ina mafunzo. Alfabeti yetu haina q wala x, na c haisimami pasipo h. Basi ubao wa vyumba 26 ulioagizwa kutoka nje huwa na vyumba vitupu tangu mwanzo. Lililo zito zaidi ni irabu. Majina ya Kibantu aghalabu huanza kwa konsonanti, kwa ajili ya viambishi vya ngeli, na wanyama waanzao kwa irabu ni wachache mno. Kwa A mtungaji ataokolewa na ayala, ambaye wasomaji wa Biblia wamjua kwa jina, lakini si mnyama wa mbuga zetu. Kwa I atampata inzi, mgeni asiyependeza juu ya chakula. Kwa U ataridhika na uduvi. Upande wa pili K yajaa hata yafurika: kuku, kima, kobe, kasa, kunguru, kondoo, kongoni, na jamii yote ya kifaru, kiboko, kinyonga na kicheche. Kwa R ataletewa ruba, na kwa W wibari, ambaye wengi wamjua zaidi kwa jina la pimbi. Si haya kuwatumia hawa. Huenda mtoto akawapenda ruba na pimbi kuliko simba aliyechoka kwa kuchorwa. Lakini yeyote atakaye kuzijaza herufi zote kwa nguvu atajikuta ameandika kamusi ya wanyama wasiojulikana.

Aidha herufi moja ya kwanza humdanganya mtoto wa Kiswahili. Chini ya N watakusanyika nungunungu, ngamia, ng'ombe na nyuki, na kila mmoja ana mwanzo wake: n, ng, ng' na ny. Chini ya M watasimama mamba na mbuzi, hali midomo yawatamka kwa namna mbili. Mtoto aambiwaye kwamba hao wote ni jamaa wa herufi moja atafika darasani na kukuta mwalimu akimfundisha ba, be, bi, bo, bu, wala haoni uhusiano. Kiswahili husomeshwa kwa silabi kwa sababu nzuri: silabi zake ni wazi, na tahajia yake yafuata matamshi. Hapa ndipo nionapo kosa kubwa la kuiga alfabeti za Kiingereza. Kwa Waingereza herufi ya kwanza ni mlango unaofaa, kwani ndani ya neno tahajia yao imejaa mitego. Sisi hatuna haja ya kusimama mlangoni. Nyumba nzima i wazi.

Na tukirejee sasa kile kijitabu cha 1909. Tuseme vipande vyake vingebeba silabi: kichwa cha mnyama kikawa na silabi yake ya kwanza, na mkia ukawa na ya mwisho. Mtoto atwae kichwa cha simba na mkia wa duma. Mbele yake patatokea kiumbe cha ajabu, na chini yake neno sima, ambalo ni chakula. Atwae kichwa cha tembo na mkia uleule, apate tema. Kichwa cha kobe, apate koma. Mchezo huu una asili katika lugha yenyewe. Wenyeji wa pwani wanao mchezo wa kinyume, wa kuhamisha silabi ya mwisho ikawa ya kwanza, nao uliandikwa na Edward Steere tangu karne ya 19. Kwa mchezo huo twiga huwa gatwi, na simba huwa mbasi, jambo limfunzalo mtoto bila ya somo kwamba mb haigawanyiki. Tai akigeuzwa huwa ita. Kasa huwa saka. Paa huwa apa. Naye kuku, ageuzwe atakavyo, hubaki kuku. Mtoto agunduaye hilo peke yake atacheka, na kicheko hicho kina thamani kuliko herufi kumi za kukariri. Tahadhari moja ni lazima: baadhi ya miungano ya silabi huzaa maneno ya aibu, na asiyeijua lugha hatayaona mpaka paketi zimekwisha kuenea madukani. Kwa sababu hiyo kazi hii haiachiwi mchoraji pekee.

Liko na jambo la pili ambalo Kiswahili chalitoa bure. Majina kadhaa ya wanyama ni majina ya vitu pia, na kitenganishacho ni upatanisho wa sarufi. Paa anakimbia, lakini paa linavuja. Kaa anatembea upande, lakini kaa linawaka. Kanga ametaga, lakini kanga imechakaa. Kamba amevuliwa, kamba imekatika. Ndege ameruka mtini, ndege imetua uwanjani. Kiboko anaogelea, kiboko kimemwadhibu mtu. Weka sentensi ubavuni mwa paketi, na picha mbili chini yake, mtoto achague. Ataamua kwa kiambishi kidogo asichowahi kufundishwa jina lake, na hivyo atakuwa ameutumia uti wa mgongo wa lugha yake kabla ya kusikia neno ngeli. Hakuna mnyama wa kigeni awezaye kuucheza mchezo huo kwa niaba yetu. Hata hivyo mtungaji awe mwangalifu: tembo ni mnyama na ni pombe ya mnazi vilevile, na picha ya pili haifai mezani pa watoto.

Uhakiki huu ungekuwa pungufu lau ungesifu mchezo na kunyamazia kilichomo ndani ya paketi. Mvuto ule ule umfanyao mtoto apende herufi humfanya adai chakula, kiwe kizuri au kibaya. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mapendekezo juu ya matangazo ya vyakula kwa watoto. Tangu Juni 2016 sheria ya Chile imekataza picha za kuwavuta watoto juu ya paketi za vyakula vilivyotiwa alama ya wingi wa sukari, chumvi, mafuta au nishati, na Tony wetu wa 1952 akaondolewa katika paketi za nchi hiyo. Wako wasemao kwamba sheria ya namna hii yaua sanaa. Mimi naona yairudisha kwenye kanuni ya mkate wa tangawizi, ambamo utamu ulikuwa tunzo ya ujuzi, wala mnyama hakuwa chambo. Mtungaji wa herufi aliye na heshima ya kazi yake atauliza kwanza jina lake litafungia nini: unga wa uji, maziwa, ama sukari iliyotiwa rangi.

Kwa kumaliza, kipimo nikipendekezacho kwa wanaopewa kazi hii, na kwa sisi tupasao kuihakiki, ni chepesi. Funika picha kwa kiganja, kisha usome maneno kwa sauti mbele ya mtoto. Ikiwa mchezo bado wachezeka, paketi ile imeandikwa kwa Kiswahili. Ikiwa umekufa mara picha ilipofichwa, basi kilichopo ni pambo la kigeni lililotiwa maneno yetu, na mtoto atalila lililomo na kuitupa karatasi asibakiwe na kitu. Vyuo vyetu vya lugha vina wataalamu wa silabi na wa ngeli. Ingefaa mmoja wao aketi mezani pamoja na mchoraji kabla wino haujakauka.