Simu Haiingizi Chaji: Umeme Umekwama Wapi?

Mteja anayefika kwa fundi simu mjini Babati mara nyingi huja na hukumu mkononi: "Fundi, nibadilishie betri." Waya haujajaribiwa, soketi haijaulizwa. Fundi mwenye haraka anaitikia, betri inabadilishwa, pesa inalipwa, na jioni simu inagoma vilevile. Fundi makini hafanyi hivyo. Yeye hutafuta kwanza mahali umeme ulipokwama, na njia yake inafaa kueleweka na kila mwenye simu, awe mjini hapa, Dareda, Bashnet au Magugu, kwa sababu hatua zake za mwanzo hazigharimu hata shilingi.

Umeme hupita sehemu sita kabla ya kutulia kwenye simu: soketi ya ukutani, kichwa cha chaja, waya, tundu la chaji, saketi ya chaji iliyo ndani, na mwisho betri yenyewe. Kanuni ni kuanzia nje kuingia ndani, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kutofungua simu kabla sehemu tatu za nje hazijathibitishwa kuwa nzima.

Tuanze ukutani. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Taa zikififia jioni, watu husema simu haichaji kwa sababu umeme ni mdogo. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Kwa hiyo umeme ukishuka hadi volti 170, chaja nzima bado inafanya kazi. Kinachoiua ni umeme unaozidi. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku ya jirani ikipata kidogo mno. Chaja iliyokuwa kwenye soketi saa hiyo huungua ikiwa kimya, na lawama huangukia simu.

Lipo pia tatizo la pini. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili, ilhali chaja nyingi zina pini mbili za duara. Watu husukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili pini ziingie kwa nguvu. Zikiingia hazikazi, zinacheza, zinatoa cheche, na chaji inaingia na kutoka. Adapta inayoendana na soketi humaliza shida hiyo, na humwepusha mtoto na hatari ya kupigwa na umeme.

Waya ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na hesabu yake ni rahisi. Chaja ya kawaida hutoa volti 5. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.5, ukipitisha ampea 2, hupoteza volti 1 nzima njiani. Simu inapokea volti 4, inaona chanzo kimechoka, na inapunguza kiasi inachovuta. Matokeo yake yanaonekana kwenye saa. Betri ya mAh 5,000 hubeba kama wati-saa 19. Kwa chaja ya wati 10 inajaa kwa saa mbili na ushee. Ikipata ampea 0.5 tu, sawa na wati 2.5, itachukua saa nane au zaidi. Mwenye simu atasema betri imekufa, kumbe waya ndio mbovu. Hali hiyohiyo huwapata wanaopeleka simu kwenye vibanda vya kuchajisha, ambako chaja moja yenye matundu mengi inagawa nguvu yake kwa simu nyingi.

Hapa ndipo fundi makini anapotoa mita ndogo ya USB na kuichomeka kati ya chaja na waya. Namba zake zinasema mengi. Ikisoma ampea 0 kwa chaja na waya vilivyothibitishwa kuwa vizima, njia imekatika tunduni au ndani ya simu. Ikisoma 0.1 au 0.2 kwenye simu iliyozima kabisa, subiri nusu saa kabla ya kuhukumu, maana betri iliyoshuka chini ya volti 3 hulishwa taratibu kwanza kwa usalama wake. Namba ikipanda na kushuka waya unapoguswa, kuna kiungo kilicholegea. Simu ikivuta ampea nyingi, ikachemka, na asilimia isipande, kuna shoti ndani, na simu ichomolewe mara moja.

Tundu la chaji lina adui wake hapa kwetu: vumbi la barabara za mitaani na nyuzi za mfukoni. Vikishindiliwa kila waya unapoingizwa, hujenga sakafu ngumu, waya haufiki mwisho, na mtu anaamini tundu limekufa. Zima simu, mulika kwa tochi, kisha chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano huleta shoti, na pumzi ya mdomo huingiza unyevu. Ukiona rangi ya kijani kwenye viunganishi, hiyo ni kutu, na dawa yake ni brashi laini na spiriti mkononi mwa fundi. Simu iliyolowa isichajiwe kabla ya kukauka. Wengi huifukia kwenye mchele. Kampuni ya Apple ilionya mwaka 2024 kwamba chembe ndogo za mchele zinaweza kuidhuru simu. Mchele wa Magugu una heshima yake mezani, na ubaki huko.

Waendesha bodaboda wana mzigo wa ziada. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, na injini ikiwaka hupanda hadi kama 14, hivyo kifaa duni cha kushusha volti kinaweza kupeleka umeme usiotulia kwenye simu. Mtikisiko nao huvuta waya huku na huko mpaka risasi inayoshika tundu inapasuka. Simu iliyoumia hivyo huchaji ikilazwa upande mmoja tu. Kwenye simu nyingi tundu limefungwa kwenye bodi ndogo ya chini, na fundi anaweza kuibadilisha bodi hiyo bila kugusa ubao mkuu.

Baada ya yote hayo ndipo simu inapofunguliwa na betri kupimwa kwa mita. Betri ya lithiamu iliyojaa husoma kati ya volti 4.2 na 4.4 kutegemea aina yake. Ikisoma sifuri, huenda saketi yake ya ulinzi imejifunga. Betri hiyo pia ina kihisi cha joto, na simu nyingi hukataa chaji joto likiwa nje ya nyuzi 0 hadi 45. Betri feki yenye kihisi kibovu inaweza kuifanya simu nzima ikatae chaji kabisa; ndiyo maana kubadilisha betri kwa kubahatisha huleta ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Betri iliyovimba haina mjadala: isitobolewe, isikandamizwe, isichajiwe tena. Betri ikipimwa na kuonekana nzima, lakini umeme unaofika tunduni hauvuki kwenda kwake, hapo ndipo IC ya chaji, yaani chipu ya ile saketi ya chaji iliyo ndani, inapostahili kushukiwa. Ni kazi ya mwisho na ya gharama, na isifanywe na fundi asiyekuwa na mita mezani.

Ukipeleka simu kwa fundi, nenda na chaja na waya wako, eleza tatizo badala ya kutaja kifaa, kisha mwombe akuonyeshe namba kwenye mita kabla hujakubali kununua chochote. Fundi anayepima atakuonyesha bila kinyongo. Anayekataa kupima anakisia kwa pesa yako; chukua simu yako uende kwa mwingine.