Mama Asiyetajwa

Bwana John Stuart Mill, mwana wa falsafa wa Kiingereza, aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na kitabu kikapigwa chapa mwaka 1873, mwaka ule ule aliofariki. Wengi wamekisifu, nao wana haki, maana hakuficha udhaifu wake mwingi. Walakini msomaji akikisoma toka mwanzo hata mwisho ataona jambo la ajabu: mama yake hamo. Baba yumo kila mahali. Mke yumo, tena kwa sifa zipitazo kiasi. Bali Bibi Harriet Burrow, aliyezaa watoto tisa, na John ndiye kifungua mimba wake, hatajwi hata jina. Tunaambiwa tu kwamba baba alioa akapata watoto wengi hali hana mapato ya hakika, na mwana ahesabu jambo hilo kuwa kosa!

Baba huyo, Bwana James Mill, alikuwa Mskoti aliyepewa ruhusa ya kuhubiri mwaka 1798, kisha akaiacha imani, na wanawe hakuwafundisha dini. John alizaliwa London mwaka 1806. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu akaanza Kiyunani, na wa minane Kilatini. Aliketi meza moja na baba yake, aliyekuwa akiandika historia ya Uhindi, akamwuliza kila neno asilolijua. Naye baba, ingawa ni mwepesi wa hasira, alikatiza kazi yake akamjibu. Kwa hilo mimi mwalimu namheshimu. Lililofuata silipendi: mtoto yule aliwekwa kuwafundisha wadogo zake, nao wasipojua masomo, lawama ikawa juu yake. Rafiki wa rika lake hakuwa naye.

Mwaka 1826 moyo wake ukazima, asione ladha ya kazi wala ya kitabu. Kilichomfungua ni kusoma habari za Mfaransa Marmontel, jinsi alivyofiwa na baba akiwa kijana, akaazimu kuwa badala yake kwa jamaa zake. Mill akalia. Alimlilia baba wa kitabuni, na mama yake yu hai katika nyumba ile ile!

Labda mtu atamtetea kwamba ilikuwa desturi ya watu wale kusitiri mambo ya nyumbani. Sikubali, kwa sababu andiko lake la kwanza, lililotolewa mwaka 1961, lina habari za mama. Humo asema kwamba alijitaabisha kwa ajili ya watoto, akawatendea yote aliyoweza, ila hakuwa na tabia za kumfanya apendwe na kutiiwa. Tena kwamba mama mwenye moyo wa upendo angalimgeuza baba kuwa mtu mwingine. Maneno hayo akayafuta. Basi hakusahau. Aliyaandika baada ya kumwoa mjane, Bibi Harriet Taylor, mwaka 1851, alipokuwa amewakasirikia mama na dada zake kwa jinsi walivyompokea mkewe. Mama akafa mwaka 1854.

Na huyu ndiye aliyesimama Bungeni mwaka 1867 akitaka wanawake wapewe kura, akashindwa kwa kura 73 kwa 196. Na mwaka 1869 akatoa kitabu cha kupinga wanawake kutiishwa. Simwiti mnafiki. Lakini ukali wa baba aliuweka juu ya kichwa cha mama, wala hakuuliza mwanamke yule, mwenye watoto tisa na mume wa namna ile, angalijifunzia wapi kuamrisha.