Majani Yasiyotaka Moto

Dawa mseto ya malaria, vile vidonge vya manjano tunavyopewa zahanati, asili ya kiungo chake kikuu ni majani ya artemisia, mmea wa jamii ya pakanga unaoota China. Namna kiungo hicho kilivyotolewa majanini inastahili kufuatiliwa kwa makini.

Mwanzoni mwa 1969, Tu Youyou, mfamasia wa Beijing, aliingizwa katika mradi wa siri wa serikali ulioitwa 523. Klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa inashindwa, na askari wa Vietnam Kaskazini, mshirika wa China, walikuwa wakiangushwa na malaria. Kikosi cha Tu kilikusanya tiba za jadi zipatazo 2,000, kikajaribu dondoo zaidi ya 380 kwa panya. Dondoo moja ya artemisia ilizuia vimelea kwa asilimia 68. Iliporudiwa, ikashuka hadi kati ya 12 na 40.

Wengi wangeutupa mmea hapo. Tu alirudi kusoma maelezo ya kale ya utayarishaji wake. Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, alielekeza majani yalowekwe, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Maelezo hayo hayakutaja kuchemsha. Hapa ndipo orodha nyingi za mitishamba yetu zinaponisikitisha: zinataja mti na ugonjwa, basi. Gome au mzizi? Mbichi au mkavu? Uloweke usiku kucha, au uchemshe, na kwa muda gani?

Tu akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto zipatazo 35 tu, akachagua majani na kuacha mashina. Kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu na isiyotibu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake waliinywa kabla ya mgonjwa yeyote.

Nguvu ya dawa imo katika atomi mbili za oksijeni zilizoungana. Kimelea kinapomeng'enya damu, chuma cha damu hiyo huuvunja muungano huo, na mabaki yake hukiua. Lakini dawa hii huyeyuka kwa shida sana majini. Kwa hiyo siungi mkono chai ya artemisia kuwa tiba ya malaria, na Shirika la Afya Duniani haliishauri: kikombe cha leo na cha kesho havina kipimo kimoja, na dozi pungufu huacha hai vimelea sugu, vinavyobebwa na mbu hadi kwa jirani.